Orodha Ukutani: Historia ya Kliniki za Dukani Nchini Marekani na Swali Lake kwa Maduka ya Dawa ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kliniki zilizofunguliwa ndani ya maduka ya rejareja nchini Marekani kuanzia mwaka 2000 hadi 2024, na kuisoma historia hiyo kupitia matini moja fupi: orodha ya magonjwa na bei iliyowekwa mbele ya macho ya mteja. Tunadai kwamba kilichobuniwa hakikuwa mahali pa kutibia bali orodha yenyewe, na kwamba kliniki hizo zilisimama imara orodha ilipokuwa fupi, zikayumba ilipotakiwa kubeba tiba yote. Sehemu ya mwisho inailinganisha orodha hiyo na ile inayotawala duka la dawa muhimu nchini Tanzania, na kuhoji kila moja imeandikwa kwa ajili ya nani.

Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania, mwanamke anaposema "leo nina kliniki", hakuna anayemuuliza anaumwa nini. Hueleweka kuwa ni mjamzito, au ana mtoto anayepaswa kupimwa uzito na kuchanjwa, na kwamba anayo kadi yenye tarehe aliyoandikiwa mwezi uliopita. Neno kliniki hutumika pia kwa chumba cha daktari binafsi, lakini limejikita zaidi katika dhana ya miadi na marudio. Mtu huenda kliniki kwa sababu alikwisha kwenda, na atakwenda tena.

Kliniki ya dukani ya Kimarekani ni kinyume cha hayo. Ni chumba kimoja au viwili vilivyotengwa ndani ya supamaketi au famasi, aghalabu karibu na dirisha la kuchukulia dawa. Mgonjwa huingia bila miadi, huonana na muuguzi na si daktari, hutibiwa jambo moja dogo, hulipa bei aliyoisoma kabla ya kuketi, kisha huendelea na ununuzi wake. Hapewi kadi na hatarajiwi kurudi. Katika makala haya tunaiita kliniki ya dukani kwa kukosa jina bora, tukimtahadharisha msomaji kwamba karibu kila kitu ambacho neno kliniki hubeba kwetu kimeachwa nje ya mlango wake.

Suala hili halimhusu mtafsiri peke yake. Kwa wananchi wengi wa kanda yetu, duka ndilo mahali pa kwanza pa kutafutia tiba, na limekuwa hivyo kwa miongo mingi. Mjadala kuhusu kiasi gani duka hilo liruhusiwe kufanya, kama vile kupima malaria, kuuza viuavijasumu au kuchoma sindano, si mgeni mezani pa washauri wa sera. Marekani nayo hutajwa katika mjadala huo, mara kama mfano wa kuigwa, mara kama mfano wa biashara kuivamia tiba. Tunaona kwamba pande zote mbili zimeisoma historia hiyo kwa haraka.

Yaliyotangulia duka

Kliniki ya dukani isingewezekana miaka hamsini kabla ya kuzaliwa kwake, na sababu haikuwa uhaba wa maduka. Mambo mawili yalipaswa kutangulia.

La kwanza ni mtu. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kupima, kutambua maradhi ya kawaida na kuyatibu. Hapo ndipo ilipoanza kada ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita ya wauguzi watibabu. Kada hiyo ilikua polepole, jimbo kwa jimbo, kwa kuwa nchini Marekani leseni za watoa tiba ni mamlaka ya majimbo. Katika baadhi ya majimbo muuguzi mtibabu hufanya kazi kwa mamlaka yake mwenyewe. Katika mengine lazima awe na makubaliano na daktari. Ramani ya kliniki za dukani baadaye ilifuata kwa kiasi fulani ramani ya sheria hizo.

La pili ni kipimo. Marekebisho ya sheria ya maabara ya mwaka 1988 yaliweka viwango vya maabara zote za tiba nchini humo, lakini yaliacha kundi la vipimo vyepesi ambavyo vingeweza kufanywa nje ya maabara kamili. Kipimo cha haraka cha bakteria wa koo, kinachotoa jibu kwa dakika chache, kikaja kuingia katika kundi hilo. Muuguzi na kipimo chake wangeweza kukaa popote penye meza, kiti na beseni la kunawia.

Kulikuwa pia na kero. Mtoto akiamka na koo linalouma siku ya Jumamosi, mzazi wa Kimarekani alikuwa na njia mbili: kusubiri hadi Jumatatu na kuomba nafasi kwa daktari wa familia, au kwenda idara ya dharura ya hospitali, akae saa kadhaa na alipishwe fedha nyingi kwa kipimo cha dakika tano. Wasomaji wa kanda yetu wasidhani kwamba foleni ni urithi wa nchi maskini.

Mlango wa Cub Foods

Simulizi ya chanzo husema kwamba katika majira ya baridi ya mwaka 1999 Rick Krieger, mfanyabiashara wa Minnesota, alimpeleka mwanawe kupimwa koo, akasubiri kama saa mbili. Simulizi za waanzilishi zina desturi ya kunyooshwa kadiri zinavyosimuliwa, nasi hatuitegemei sana. Lililo wazi ni kwamba mwezi Mei 2000, Krieger na wenzake, miongoni mwao daktari na muuguzi, walifungua vyumba vya QuickMedx ndani ya supamaketi za Cub Foods katika eneo la Minneapolis na St. Paul. Malipo yalikuwa dola 35, taslimu. Bima haikupokelewa. Magonjwa yaliyotibiwa yalihesabika kwa vidole: koo, masikio, sinasi na mengine machache ya namna hiyo, pamoja na kipimo cha mimba.

Baada ya muda mfupi jina lilibadilishwa kuwa MinuteClinic. Badiliko hili linastahili kutazamwa. Jina la kwanza liliahidi dawa ya haraka; la pili liliweka kipimo cha wakati mahali pa kipimo cha tiba. Kaulimbiu iliyofuatana na biashara hiyo ilicheza na vina, na kwa Kiswahili tungeisema hivi: wewe mgonjwa, sisi wepesi. Mwaka 2005 uongozi wa kampuni ulikabidhiwa kwa Michael Howe, ambaye kabla ya hapo alikuwa mkuu wa Arby's, kampuni ya migahawa ya vyakula vya haraka. Wapinzani waliikumbusha habari hiyo mara nyingi kama aibu. Sisi tunaiona kuwa ni maelezo sahihi ya aina ya matini iliyokuwa ikitumika, maana orodha iliyowekwa mlangoni ilikuwa, kwa umbo lake, orodha ya mgahawa.

Tuisome kama matini. Kwanza, iliyataja maradhi kwa majina ya mgonjwa, si ya daktari. Kuvimba kwa utando wa jicho kuliitwa kwa jina la nyumbani linalotaja rangi ya jicho lenyewe, kama ambavyo Dar es Salaam, mlipuko wa mwanzoni mwa 2024 ulivyoitwa "macho mekundu" na kila mtu kabla wataalamu hawajatoa jina lao. Pili, iliandika bei mbele ya kila huduma. Katika mfumo wa tiba ambamo mgonjwa huweza kupata ankara wiki kadhaa baada ya kutibiwa, tena yenye kiasi asichokitarajia, kauli hii ya bei ilikuwa tukio. Tatu, na hili ndilo zito, orodha ilizungumza kwa kunyamaza. Kisichoandikwa hakikutibiwa. Mwenye maumivu ya kifua alielekezwa hospitalini, na muuguzi alifanya kazi kwa miongozo iliyopangwa ndani ya kompyuta, hatua kwa hatua, ili asivuke mpaka uliochorwa.

Kwa hiyo tunaposema kwamba kliniki ya dukani ni uvumbuzi wa mahali, tunakosea shabaha. Madaktari walikwisha kufanya kazi katika majengo ya biashara kabla ya hapo, na famasi imekuwa ndani ya maduka ya Marekani kwa vizazi. Kilichokuwa kipya ni mkataba wa maandishi kati ya mtoa tiba na mpita njia, uliosema: haya tunayajua, bei yake hii, mengine nenda kwingine.

Mabishano juu ya mpaka

Mkataba huo uliwavutia wenye mitaji. CVS ilinunua MinuteClinic mwaka 2006. Mwaka uliofuata Walgreens ilinunua Take Care Health Systems. Target ilianzisha kliniki zake, Kroger ikawa na The Little Clinic, na mwaka 2007 Walmart ilitangaza kwamba ingefikisha kliniki 400 katika miaka miwili au mitatu na hata 2,000 baadaye. Idadi hizo za Walmart hazikufikiwa kamwe. Hata hivyo, kufikia mwanzoni mwa muongo uliofuata nchi nzima ilikuwa na kliniki za dukani zaidi ya elfu moja.

Vyama vya madaktari vilijibu, lakini si kwa sauti moja. Chama cha madaktari wa watoto kilizipinga waziwazi mwaka 2006, kikihofia mtoto kutibiwa vipande vipande na watu wasioijua historia yake. Mwaka 2007 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitaka uchunguzwe mgongano wa maslahi pale anayeandika dawa na anayeiuza wanapokaa chini ya paa moja. Chama cha madaktari wa familia kilichagua njia nyingine: mwaka 2006 kilitoa sifa ambazo kliniki hizo zinapaswa kuwa nazo, na miongoni mwa hizo ilikuwamo kwamba upeo wa huduma zake uwe umebainishwa wazi na uwe mdogo. Hawa, kwa maoni yetu, ndio walioielewa orodha vizuri zaidi kuliko wote. Hawakupigana na duka. Walidai orodha ibaki fupi.

Jimbo la Massachusetts liliingiza dai hilo katika sheria. Mwezi Januari 2008, baada ya CVS kuomba kufungua kliniki zake, mamlaka ya afya ya jimbo ilipitisha kanuni za kile ilichokiita, kwa tafsiri yetu, "kliniki za huduma zenye mipaka". Jina hili la kisheria linastahili kutazamwa, kwa kuwa linaitaja taasisi kwa yale isiyoyafanya. Kliniki hizo zilikatazwa kujifanya daktari wa kudumu wa mgonjwa, ziliwekewa mipaka kuhusu watoto wadogo, na zilitakiwa kuwa na orodha ya pili: ya watoa tiba ya msingi wa eneo hilo wanaopokea wagonjwa wapya, ili asiye na daktari aelekezwe. Meya wa Boston wakati huo, Thomas Menino, hakuridhika. Alisema hadharani kwamba kuruhusu wauza bidhaa wachume faida kwa wagonjwa ni kosa. Hoja yake ilikuwa na uzito wake. Maduka yaleyale yaliyomtibu mtu kikohozi yalikuwa yakimuuzia sigara kaunta ya pili. CVS iliacha kuuza tumbaku Septemba 2014, ikabadilisha na jina la kampuni kuongeza neno la afya. Ilikuwa imekaa na vyote viwili, kliniki na sigara, kwa miaka minane.

Utafiti uliofuata uliwapa pande zote kitu cha kushika. Mehrotra na wenzake (2008) waliona kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mahudhurio yalihusu mambo kumi tu, kama vile koo, masikio, sinasi, mkojo na chanjo, na kwamba takriban watatu kati ya watano waliohudhuria hawakuwa na daktari wa kudumu. Katika utafiti wa 2009, wakilinganisha maradhi matatu, walikuta gharama ya wastani ikiwa dola 110 katika kliniki ya dukani, 166 kwa daktari, 156 katika vituo vya huduma za haraka na 570 katika idara ya dharura, bila ubora kushuka. Hizi ni takwimu ambazo watetezi huzikariri.

Takwimu zinazokaririwa kwa nadra ni mbili. Pollack na Armstrong (2009) walionyesha kwamba kliniki hizi zilifunguliwa zaidi katika mitaa yenye kipato kikubwa na umaskini mdogo. Naye Ashwood na wenzake (2016) waligundua kwamba, kwa maradhi mepesi, asilimia 58 ya mahudhurio yalikuwa mapya kabisa: watu ambao bila kliniki ya dukani wangebaki nyumbani hadi mafua yaishe. Badala ya matumizi kupungua, yaliongezeka kwa dola 14 kwa kila mtu kwa mwaka. Mlango ulio karibu huita wapitao. Mchumi anaweza kuiona hiyo kuwa hasara; mama ambaye usiku ule alilala akijua kwamba sikio la mwanawe halina usaha huenda akaiona vingine. Takwimu haisemi ni nani kati yao aliye sahihi, na washauri wa sera wanaoitumia wanapaswa kusema wenyewe wamesimama upande gani.

Orodha inaporefuka

Orodha fupi ilikuwa na kasoro moja kwa mwenye duka: haikumpatia fedha za kutosha. Mafua yana msimu. Kiangazi chumba hukaa kitupu huku muuguzi akilipwa, na mwaka 2009 CVS ilifunga kliniki kadhaa kwa msimu ikisubiri baridi irudi. Tangu bima zilipoanza kupokelewa, bei iliyoandikwa ukutani nayo ilipoteza makali, kwa sababu anayelipa hakuwa tena anayeisoma.

Jibu lililotafutwa lilikuwa kuongeza mistari. Mwezi Aprili 2013 Walgreens ilitangaza kwamba kliniki zake zingetambua na kusimamia maradhi ya kudumu kama kisukari, shinikizo la damu na pumu. Mwaka 2014 Walmart ilianzisha vyumba vyake yenyewe katika Texas, South Carolina na Georgia kwa dola 40 kwa kila hudhurio, dola 4 kwa wafanyakazi wake. Mwezi Septemba 2019, katika mji wa Dallas jimboni Georgia, ilifungua kituo cha kwanza cha Walmart Health, ambacho hakikuwa tena chumba kando ya famasi: kilikuwa na tiba ya msingi, meno, macho, maabara, eksirei na ushauri nasaha.

Kilichofuata kinajulikana. Walgreens ilizifunga kliniki zilizobaki chini ya usimamizi wake mwishoni mwa 2019, ikageukia vituo kamili vya madaktari kupitia VillageMD, ambako iliwekeza dola bilioni 5.2 mwaka 2021. Miaka mitatu baadaye ilikuwa ikifunga vituo hivyo na kuandika hasara ya thamani ya dola bilioni 5.8. Tarehe 30 Aprili 2024 Walmart ilitangaza kufunga vituo vyake vyote 51, ikitaja ugumu wa malipo kutoka kwa walipaji wa huduma na kupanda kwa gharama za uendeshaji. MinuteClinic, ambayo kwa miaka mingi ilishikamana na orodha ya aina ya mwanzo, bado inaendesha mamia ya kliniki, ingawa nayo imefunga baadhi na imeanza kujaribu tiba ya msingi.

Haitakuwa haki kusema kwamba urefu wa orodha peke yake ndio ulioziangusha. Mfumo wa malipo wa Marekani una matatizo ambayo yangeangusha mengi mengine. Lakini kila mstari ulioongezwa ulidai kitu ambacho chumba cha dukani kilijengwa ili kukikwepa, nacho ni kumbukumbu. Koo halina historia, likitibiwa limekwisha. Kisukari hakiishi kwa dakika kumi na tano. Kinadai faili, mtu yuleyule wa kumrudia, simu ya kumuuliza mgonjwa mbona hakuja. Kinadai, kwa lugha yetu, kliniki: kadi, tarehe na marudio. Waliorefusha orodha walidhani wanaongeza bidhaa rafuni, kumbe walikuwa wakibadilisha aina ya taasisi.

Orodha yetu inamtazama nani?

Kanda yetu ina taasisi yake ya dukani, yenye umri mkubwa kuliko MinuteClinic. Nchini Tanzania, sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya kujipatia faida, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi 1991. Lakini uuzaji wa dawa nyepesi uliendelea, chini ya Sheria ya Dawa na Sumu ya 1978, katika maduka yaliyoitwa ya dawa baridi. Jina hilo ni zao zuri la fikra za Kiswahili. Baridi hapa si ya jokofu. Ni ya upole: dawa isiyo kali, inayoweza kuuzwa bila cheti cha daktari. Kwa jina hilo duka lilipewa mpaka ambao hata asiyejua kusoma aliuelewa.

Mpaka huo haukuheshimiwa. Maelfu ya maduka hayo, mengi yakiwa vijijini ambako famasi hazikufika, yaliuza pia dawa zilizokatazwa, kwa sababu wanunuzi walizihitaji na hapakuwa na kwingine. Mwaka 2003, katika mkoa wa Ruvuma, Mamlaka ya Chakula na Dawa ikishirikiana na mradi uliofadhiliwa na Wakfu wa Bill na Melinda Gates ilijaribu njia tofauti. Badala ya kuwaadhibu wauzaji kwa kuuza wasichoruhusiwa, iliwafundisha kwa wiki kadhaa, ikakagua majengo yao, kisha ikaongeza katika ruhusa yao idadi maalumu ya dawa za cheti, zikiwamo baadhi ya viuavijasumu. Ndipo likazaliwa duka la dawa muhimu, ambalo lilienea hatua kwa hatua Tanzania Bara nzima, na tangu sheria ya 2011 limekuwa chini ya Baraza la Famasi. Uganda iliuchukua mfano huo na kuujaribu katika wilaya ya Kibaale.

Badiliko la kivumishi, kutoka baridi hadi muhimu, halijachunguzwa inavyostahili. "Muhimu" limetoka katika msamiati wa Shirika la Afya Duniani, ambalo orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu ilitolewa mwaka 1977. Ni neno la mtunga sera. Linasema kwamba dawa hizi zinahitajika na taifa. Halimwambii mnunuzi ni zipi, wala mpaka uko wapi. Tulipata jina lenye heshima zaidi, tukapoteza jina lililofafanua.

Tofauti kati ya orodha mbili sasa inaonekana. Ya Minnesota iliorodhesha maradhi, kwa maneno ya mgonjwa, na ilimtazama aingiaye. Ya kwetu inaorodhesha dawa, kwa majina ya kifamasia, na humtazama muuzaji na mkaguzi. Ya kwanza humwambia mtu aende wapi. Ya pili huamua nani apigwe faini. Ya pili ni ya lazima, na hatupendekezi iondolewe. Lakini mgonjwa anayesimama kaunta hana matini yoyote inayomhusu. Hajui kama alichonacho kiko ndani ya uwezo wa duka hilo, naye muuzaji, ambaye mshahara wake unategemea mauzo, ndiye peke yake anayeweza kumwambia kwamba hakimo.

Kuandika matini hiyo ya pili si kazi ya kutafsiri. Neno homa pekee lingetosha kuishughulisha kamati kwa wiki nzima, kwa kuwa hutaja joto la mwili, hutaja malaria, na pengine hutaja hali yoyote ya kutojisikia vizuri. Degedege ni mfano mzito zaidi. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 (Makemba na wenzake 1996, Winch na wenzake 1996) ulionyesha kwamba wazazi wengi walilihesabu degedege kuwa ni ugonjwa tofauti na malaria, wenye mganga wake, ilhali mara nyingi lilikuwa dalili ya malaria kali iliyohitaji hospitali saa hiyohiyo. Bango lililoandikwa "malaria kali: mpeleke mtoto hospitali" lisingemfikia mzazi huyo, kwa maana kwa uelewa wake mtoto hakuwa na malaria. Kwa upande mwingine yako maneno yaliyokwisha kuvuka yenyewe. Dawa mseto inaeleweka na kila muuzaji na wateja wengi. UTI, herufi tatu za Kiingereza, leo hutamkwa mitaani kama neno la Kiswahili, na hubebeshwa maumivu ya tumbo ya kila aina, pamoja na viuavijasumu visivyohitajika.

Kwa hiyo, mamlaka za nchi zetu zinapofikiria kuyaongezea maduka ya dawa kipimo au tiba mpya, tunashauri mambo mawili yapelekwe mezani pamoja na pendekezo la kitabibu. La kwanza ni hesabu ya kumbukumbu: je, huduma inayoongezwa huisha siku hiyohiyo, au humdai muuzaji amkumbuke mgonjwa mwezi ujao? Kipimo cha malaria ni cha aina ya kwanza. Dawa za shinikizo la damu ni za aina ya pili, na duka lisilo na faili halina mahali pa kuziweka. La pili ni rasimu ya bango lenyewe, kwa Kiswahili na kwa lugha za wilaya husika, lijaribiwe mbele ya wateja halisi kabla ya kanuni kupitishwa: maradhi gani duka hili linaweza kuyashughulikia, kwa bei gani, na dalili zipi zikionekana muuzaji hana ruhusa ya kuuza chochote isipokuwa kumwelekeza mtu kituo cha afya kilicho karibu, kikitajwa kwa jina na njia ya kufikia. Gharama ya kulichapa ni ndogo. Kazi kubwa iko katika kukubaliana juu ya maneno, na hapo ndipo mabaraza ya Kiswahili na vyuo vyetu vikuu havijawahi kualikwa.